Mwamba Juu ya Nyumba Sita

Marangu,
10 Februari 2025

Mwanangu Mektrida,

Barua hii anakuletea Tabitha, yule anayeshuka na ndizi soko la Pasua kila Jumanne na Ijumaa. Ukijibu, mpe yeye. Simu uliyoninunulia iko kabatini. Masikio yangu baruti za machimboni ziliyamaliza zamani, na zile herufi za kwenye kioo ni ndogo kuliko punje za ulezi.

Mama yako mdogo Salvina anaendelea polepole. Nyonga haijaunga vizuri, hasimami bila kushikwa. Nimemhamishia chumba cha mbele ili awaone wapita njia.

Barabara imeshatupita. Mitambo iliondoka wiki jana. Mlima wameukata wima, mita kumi na nane kutoka lami mpaka juu. Nyumba zetu sita ziko chini ya barabara na ukuta wa mwamba uko ng'ambo, hata nikisimama mlangoni lazima niinue shingo ndipo nione mbingu. Watu waliingiwa na hofu, ukaitishwa mkutano. Nikasimama nikawaambia kwamba hesabu za mwamba huu amepiga binti wa marehemu kaka yangu, niliyemsomesha mimi. Wakatulia. Nilitamani ungekuwepo uone.

Linaloniudhi ni moja tu. Mfongo wetu wa kumwagilia, kama unavyojua, unapita juu ya ule mkato, ukianzia kwa Eliufoo ndipo uje shambani kwangu. Tangu mwezi uliopita maji yanaingia kwake yamejaa na kunifikia mimi nusu. Eliufoo anaapa hagusi. Nimemwambia maji hayapai.

Wako,
Baba Mdogo Primus


Soweto, Moshi,
14 Februari 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mpe shikamoo Mama Mdogo pia.

Nimekuwa nikiwaza habari ya nyonga yake. Kwangu pana chumba kitupu, na hospitali iko karibu. Njooni mkae nami mpaka masika yaishe. Ninaweza kutafuta gari Jumapili hii hii, atalala kiti cha nyuma. Ng'ombe tumwachie jirani.

Nina maswali machache pia, ya kikazi tu. Maji yanaanza kupungua sehemu gani hasa? Ni mahali pamoja au njia nzima? Juu ya mkato, kwenye majani, kuna ufa wowote, hata mwembamba? Naomba usimgombeze Eliufoo kwanza.

Hakuna jambo lolote, usiwe na wasiwasi. Ni vile nimewakumbuka.

Binti yako,
Mektrida


Marangu,
17 Februari 2025

Mektrida,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na Salvina ameniomba nimsomee mara ya tatu.

Tuondoke Jumapili hii hii, tumwachie jirani ng'ombe, mpaka masika yaishe. Mwanangu, mimi ni kitinda mimba wa baba yangu. Kihamba hiki, shamba la ukoo, nilikirithi mimi, na makaburi yako humu, la baba yako likiwemo. Wiki mbili zilizopita alikuja mtu kuuliza kama tunauza, anataka kujenga nyumba ya wageni wa mlimani. Alilitaja jina la kaka yako Jovin wa Dar. Sasa nawe unaniita mjini kwa haraka ambayo hujawahi kuwa nayo hata nilipolazwa. Kama mna shauri lenu, njooni mlisemee hapa, mbele yangu.

Maswali yako ninayajibu kwa sababu umeuliza. Maji yanapotea mahali pamoja, kwenye mwisho wa shamba la Eliufoo, hatua sita hivi kutoka ukingo wa mkato. Ufa upo chini ya majani, vidole viwili vinaingia. Ardhi iliyokatwa hujinyoosha, nimeona mengi machimboni.

Hatuondoki.

Primus


Soweto, Moshi,
21 Februari 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Jovin sijazungumza naye tangu Krismasi, na sitaki kihamba. Nilikuficha jambo, na lile nililokuficha ni baya kuliko ulilolidhania.

Nilikosea hesabu ya ule mwamba.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, maana wewe mawe unayajua. Mwamba wenye nyufa nguvu yake inategemea unavyobanwa. Ukiubana kidogo, nguvu hupanda haraka. Ukiendelea kuubana, inapanda, lakini polepole zaidi na zaidi. Ukiichora kwenye karatasi inakuwa mstari uliopinda. Lakini programu ya kompyuta tunayoitumia inataka mstari ulionyooka, wenye namba mbili tu: jinsi mwamba unavyoshikana wenyewe, na jinsi vipande vyake vinavyokwaruzana vikakataa kuteleza. Kwa hiyo tunachagua kipande cha ule mpindo na kuweka rula juu yake. Hilo si kosa, wahandisi wote hufanya hivyo. Kosa ni kuchagua kipande kisichohusika.

Kabla ya barabara yenu ofisi yetu ilikuwa na kazi ya handaki, mita mia tatu chini ya ardhi. Huko mwamba umebanwa sana. Nilichukua lile faili, nikabadilisha majina na vipimo vya mawe, ila mahali pa kuweka rula sikupabadilisha. Ukuta wenu ni wa mita kumi na nane, haubanwi na chochote. Rula iliyowekwa kule mbali, ukiirudisha mpaka mwanzo wa mchoro, inapita juu kabisa ya mpindo wa mwamba wenyewe. Inasema mwamba umeshikana mara sita ya unavyoshikana kweli.

Niliposoma habari ya maji yako nikafungua hesabu upya. Kwenye ripoti, nguvu ya mwamba inauzidi uzito wake kwa nusu nzima. Nilipoweka rula mahali pake, vinakaribia kulingana. Na hapo nimehesabu mwamba ukiwa mkavu. Eliufoo hakuibii, Baba Mdogo. Maji yanaingia kwenye ule ufa.

Nimemwambia mkuu wangu, Mhandisi Basili. Ameniomba nisiseme nje mpaka apitie mwenyewe, na mkataba wangu wa kazi unasema hivyo hivyo. Ripoti ina sahihi yangu na yake. Nikisema peke yangu sina kazi, na huenda sina uhandisi. Ninaamini nitaishawishi ofisi. Lakini wewe na Mama Mdogo ondokeni sasa, kimyakimya. Semeni mnakwenda hospitali. Wengine tutawaambia karibuni.

Nisamehe.

Mektrida


Marangu,
24 Februari 2025

Mwanangu,

Nimekuelewa, kuliko unavyodhani. Machimboni jiwe la katikati hutaliona likianguka lenyewe. Huanguka la pembeni, lisilo na wa kulibana. Tulilijua hilo kwa kuzika watu.

Nilikwenda kwa Eliufoo nikamwomba radhi. Nilimwambia maji yanaingia ardhini, na tukaufunga mfongo kule juu. Migomba yake itakauka, yangu pia. Hakuniuliza nimejuaje.

Sasa nami nikuambie nililokuficha. Siku ya ule mkutano Kindness, mjane wa Wilson, alikuwa ameshafunga mizigo aende kwa dada yake na watoto watatu. Nilimfuata mpaka mlangoni kwake. Nikamwambia, "Kama ningeona hatari, ningemlaza mke wangu asiyeweza kutembea chini ya ukuta huu? Mektrida ni damu yetu." Akafungua mizigo nikimwona.

Unaniambia niondoke kimyakimya. Nikifanya hivyo Kindness atabaki kwa neno langu. Nikimwambia ukweli, nimekuvua nguo mbele ya watu, wewe niliyekutoa shule ya msingi mpaka chuo. Nimezunguka humo siku tatu, sijapata mlango.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Hesabu ni yako, useme wewe, kwa jina lako, kwa nyumba zote sita siku moja. Mpaka siku hiyo mimi na Salvina tutalala hapa hapa tunapolala. Salvina nimemweleza yote kwa kuandika na kwa mikono, ili majirani wasisikie. Amekubali. Ila ameomba kitanda kigeuzwe, asiuone ukuta.

Baba yako mdogo


Soweto, Moshi,
4 Machi 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Kwa nini unanifanyia hivi?

Nimekaa na Mhandisi Basili mara tatu. Si mtu mbaya. Alinifundisha kazi, na mtoto wake wa kwanza ni mimi niliyemshika ubatizo. Amezipitia hesabu na anajua niko sahihi. Jana aliniambia, "Kila mstari ulionyooka ni wa kukadiria, Mektrida. Ukianza kuomba radhi kwa mistari utaomba radhi kwa kila jengo nchini." Anasema kuna watu kumi na mmoja wanaoishi kwa ofisi hii, na tukikiri kosa hakuna atakayetupa kazi tena. Anataka tuandike kwamba inapendekezwa ukuta ukaguliwe baada ya masika. Baada, Baba Mdogo.

Barua ya kwenda kwa wenye barabara nimeiandika na kuifuta, sijui mara ngapi. Kila nikifika kwenye neno "kosa langu" mkono unasimama. Kwenye meza yangu kuna muhuri wenye jina langu. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo kuupata, nawe ulichinja siku ile.

Nipe siku kumi. Huku Moshi imeanza kunyesha jioni jioni. Huko je?

Ondokeni. Ninakusihi.

Mektrida


Marangu,
6 Machi 2025

Mektrida,

Huku imenyesha siku nne mfululizo.

Ufa uliokuwa vidole viwili, leo ngumi yangu imeingia. Nilipigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, nikafunga kamba. Asubuhi nilikuta kamba imekatika.

Vijiwe vinadondoka barabarani. Watoto wa Kindness wanaviokota wakienda shule, wanachezea.

Siku kumi sina za kukupa.

Primus


Soweto, Moshi,
11 Machi 2025

Baba Mdogo,

Nimeituma. Saa nne asubuhi, kwa wenye barabara, kwa mkuu wa wilaya, na kwa kamati ya wahandisi. Nimeandika jina langu, kosa langu na namba zote mbili, ile ya uongo na ile ya kweli. Basili nilimpa nakala mkononi. Aliisoma amesimama, akaniomba funguo za ofisi.

Nakala nyingine nimemkabidhi Tabitha pamoja na barua hii. Mpe mwenyekiti wa kitongoji aisome mbele ya nyumba zote leo hii. Msinisubiri mimi. Mwondoke leo, na Mama Mdogo abebwe kwa kitanda chake.

Jumamosi nitapanda nisimame mbele yao mwenyewe.

Mektrida


Marangu, darasa la zamani la kanisa,
24 Machi 2025

Mwanangu,

Tangu ushuke tumebaki humu familia sita. Salvina tumemwekea kitanda pembeni, karibu na ubao. Anawafundisha watoto wa Kindness kufuma.

Ulipokuja na lile jani la sale la kuombea msamaha mkononi na kulitoa mbele ya watu, wazee walilipokea. Hilo uliliona. Usiloliona ni kwamba Kindness alitoka nje kabla hujamaliza. Nilimfuata. Nilisoma midomo yake vizuri: "Mizigo yangu ilikuwa imefungwa, Mzee Primus." Tangu siku hiyo anapitisha chakula mbele yangu bila kunitazama.

Kuna jambo jingine gumu. Mwamba haujaanguka. Barabara wameifunga kwa mapipa, wageni wa mlimani wanazungushwa njia nyingine, na wauza ndizi wanatembea na mikungu kichwani. Migomba imenyauka kwa kukosa mfongo wakati mvua haijashika vizuri, na sasa kwa kuwa mvua imeshika, watu wanasema tulikosa pande zote mbili. Jana watu wawili walinikabili. Wanasema binti yetu alikosea mara ya kwanza, nani anajua kama hakukosea ya pili. Eliufoo amekuwa akirudi mchana kumkatia ng'ombe wake majani. Nimemzuia, ameniambia nimeshamzuia maji, nisimzuie na majani.

Nami nikiwa peke yangu, Mungu anisamehe, ninatazama kule juu nikiutamani uanguke.

Primus


Marangu,
10 Aprili 2025

Mwanangu Mektrida,

Mwamba ulianguka jana Jumatano, saa tano asubuhi.

Mimi sikusikia. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji nikimnywesha Salvina, nikaona uji unatetemeka, kisha sakafu ikanigonga nyayo. Salvina alikuwa ameziba masikio. Nikajua.

Umejaza barabara na kuivuka. Nyumba nne zimefunikwa, ya Kindness haionekani hata bati. Yetu imebaki ukuta wa nyuma. Chumba cha mbele alimokuwa akilala Salvina kina jiwe moja tu, limekijaza chote. Kaburi la baba yako liko chini ya kifusi, ninakadiria kimo cha watu wawili.

Eliufoo alikuwa huko. Alisikia mlio akamfungua ng'ombe badala ya kukimbia. Tulimtoa saa nane. Yu hai, ila mguu wa kulia umesagika chini ya goti na madaktari wanasema wataukata. Ng'ombe alikufa. Wengine wote tulikuwa hapa darasani, tulijihesabu mara tatu.

Nililolitamani nimelipata.

Baba yako mdogo


Soweto, Moshi,
20 Mei 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa ninasubiri kamati.

Waliniita wiki jana. Watu watano, meza ndefu. Walikuwa wapole. Wa katikati alisema mfano wangu ni wa kuigwa, kwamba wahandisi wachache wangejishtaki wenyewe. Kisha akauliza ni lini niligundua kosa. Walikuwa na barua yangu ya tarehe kumi na moja Machi, na nadhani walitegemea niseme siku moja au mbili kabla. Hawakuwa na karatasi ambayo ingenipinga.

Nikasema tarehe kumi na mbili Februari.

Akauliza, "Siku ishirini na saba ulikuwa unafanya nini?" Nikajibu kwamba nilikuwa ninaomba watu wawili niwapendao waondoke na wengine watano niwaache. Nyumba tano, nilimaanisha, Baba Mdogo, lakini ndivyo nilivyosema na sikurekebisha.

Wamenifutia usajili kwa miaka miwili. Basili mwaka mmoja, na ofisi imefungwa. Alinipigia simu. Hakunilaumu.

Nilikwenda hospitali kumwona Eliufoo. Nilikaa karibu na kitanda chake na nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno. Aliniuliza kama mfongo unaweza kupitishwa mahali pengine. Nilimwambia unaweza. Akalala.

Sijui nikija huko niketi wapi.

Mektrida


Marangu,
2 Juni 2025

Mwanangu,

Mvua zimekatika, mlima unaonekana kila asubuhi. Salvina jana alisimama akishika ubao, akahesabu hadi ishirini.

Serikali ya kijiji imetupa eneo juu ya shule. Lina mteremko, na upande mmoja kuna mwamba unaofanana na ule. Watu wanaogopa kuchimba msingi. Walikuja vijana wa kupima wakaweka vijiti na kuondoka, hakuna aliyewaamini.

Juzi Kindness alikuja akaketi mbele yangu, mara ya kwanza tangu Machi. Akaniomba nimsomee ile barua ya Februari unamoeleza rula na mpindo. Sikujua alisikia kwa nani habari zake, nadhani Salvina. Niliogopa, maana ndani yake uliandika tuondoke kimyakimya, lakini nilimsomea yote, na hapo nilisoma kwa sauti sawa na kwingine. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Kisha akainua uso ili nione midomo yake, akasema, "Mwambie aje atuonyeshe pa kujenga."

Nilimwambia kwamba cheti wamekichukua, huruhusiwi. Akasema hakuuliza habari ya cheti. Nikamwambia nitakuandikia.

Nimekuandikia. Tabitha yuko sokoni mpaka saa tisa.

Baba yako mdogo,
Primus